Sababu ya Springi

Je, ni halali kukiongezea nguvu kitu cha mchezo ambacho kazi yake ni kupiga? Nauliza kwa maneno mepesi makusudi. Swali likivalishwa suti na tai, watu wa kwetu Zagayu hulipisha kama mgeni wa serikali: wanalisalimia vizuri, wanalipa kiti, halafu wanarudi kwenye mazungumzo yao ya bei ya pamba. Hili sitaki lipite hivyo. Nimelala nalo wiki tatu.

Kitu chenyewe ni kifaru. Si yule wa porini, ambaye bunduki za majangili zilimmaliza Serengeti miaka ya 1970 na 1980 hata wakabaki wa kuhesabu kwa vidole kule Moru. Ni kile cha jeshi, tena cha plastiki, kinachoendeshwa kwa rimoti. Kiswahili chetu kimempa jina moja mnyama aliyeuawa kwa bunduki na bunduki yenyewe inayotembea, wala hakuna anayeona haya. Lakini hayo tuyaache.

Urefu wake unakaribia nusu mita, maana kimepunguzwa mara 16 kutoka kwenye kifaru cha kweli cha Wajerumani wa Vita Vikuu vya Pili. Kinaunguruma. Kichwa chake kinazunguka. Ukikitia mafuta yake kinatoa moshi kidogo nyuma, watoto wanapiga mayowe. Na kinapiga. Mtutu wake unatoa gololi ndogo za plastiki za milimita 6, moja moja. Kilitumwa kutoka Dar es Salaam na kijana wa mzee mmoja jirani yetu, kiwe zawadi ya mjukuu. Mzee akakileta kibandani kwetu, mimi na mshikaji wangu tukiwa mafundi wa redio na simu, wala si mafundi wa silaha.

"Fundi," akasema, "kitu hiki kinatema mate. Kifanye kipige."

Tukakifungua. Ndugu msomaji, mimi napenda mashine, kwa hiyo univumilie kidogo. Ndani ya kichwa cha kifaru kuna kisanduku. Kisanduku kina mota ndogo, mota inazungusha gia, na gia ya mwisho ina meno upande mmoja tu. Upande wa pili ni kipara. Yale meno yanaivuta pistoni nyuma, pistoni inaibana springi. Gia ikifika kwenye kipara, pistoni inaachiwa, springi inaisukuma mbele kwa ghafla, hewa iliyo mbele ya pistoni inakosa pa kwenda isipokuwa kwenye mtutu, na mle mtutuni gololi inasubiri. Ni pampu ya baiskeli iliyokasirika, basi. Hakuna baruti, hakuna moto. Nilipoielewa nilicheka peke yangu kwa furaha.

Ugonjwa wake ulikuwa mdogo. Pete ya mpira ya pistoni ilikuwa imekauka, hewa inavuja pembeni. Grisi kidogo, pete nyingine, kazi ya nusu saa. Mzee akajaribu, gololi ikaruka hadi ng'ambo ya njia na kugonga debe la jirani. Sisi tukapiga makofi. Yeye hakupiga.

"Bado," akasema. "Ongeza."

Hapo ndipo swali lilipoingia kibandani.

Kuongeza kunawezekana, tena wala hakuhitaji chuo. Unatia springi ngumu zaidi. Unaweka mtutu wa chuma ulioibana gololi vizuri, hewa isipotee. Na kwa sababu springi ngumu itayang'oa meno ya gia ya plastiki ndani ya siku mbili, unabadilisha gia nazo ziwe za chuma. Kuna watu huko ulimwenguni wanaoziuza kwa kazi hiyo hiyo. Nilikaa sana juu ya hizo gia za plastiki. Kifaru kilikuwa na kikomo chake, na kikomo hicho hakikuandikwa popote. Kilikuwa ni udhaifu wa meno. Labda aliyekiunda aliokoa senti chache tu, wala hakuwaza watoto wa mtu. Hata hivyo ule ubahili wake ulikuwa unafanya kazi ya dhamiri, na sisi ndio tuliokuwa tunaombwa tuuondoe.

Hesabu ni hii, na anayekumbuka fizikia ya sekondari ataifuata. Gololi nyepesi ina uzito wa gramu 0.12. Ikitoka kwa mwendo wa mita 50 kwa sekunde, inabeba nishati ya jouli 0.15. Ukiuongeza mwendo mara mbili, nishati haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne: jouli 0.6. Ndiyo maana nasema springi ni kitu cha kuogopwa kidogo. Mkono unahisi umeongeza kiasi, kumbe hesabu imeruka.

Mshikaji wangu, ambaye kwa ubishi anaweza kumshinda wakili, akaniachia nimalize, kisha akauliza, "Na manati?"

Ni swali la haki. Kila mtoto wa kiume hapa kwetu amevaa manati shingoni kama tai. Kokoto la gramu 10 likitoka kwenye manati kwa mita 30 kwa sekunde lina jouli 4.5. Hiyo ni zaidi ya mara saba ya kifaru chetu hata baada ya kuongezwa. Tena sisi wenyewe tulipokuwa wadogo tulikunja spoku za baiskeli, tukajaza unga wa njiti za kiberiti kwenye kile kichwa chake, tukachomeka msumari na kugonga ukutani, paa! Mkono ungeweza kwenda. Wazee wetu walituona, wakatukemea, wakaendelea kunywa uji. "Sasa wewe," akasema mshikaji, "mtoto wa manati na spoku, leo unatetemeka mbele ya plastiki ya Mchina?"

Nilikosa jibu siku nzima. Hesabu ilikuwa upande wake. Kama uovu ungekuwa jouli, mimi nilikuwa nimeshindwa.

Jibu nililipata kwa kutazama watoto. Mzee aliacha kifaru kibandani usiku mmoja, na jioni ile tukakiwasha uwanjani. Watoto walikuja kama nzige. Na unajua wanafanya nini? Wanakikimbilia. Wanasimama mbele ya mtutu, wanatoa kifua, wanapiga kelele "Nipige! Nipige mimi!" Gololi ikiwagusa wanaanguka chali, wanakufa kwa madaha, halafu wanafufuka na kurudi kwenye foleni. Binti mmoja wa miaka minne alilala kifudifudi mbele yake na kuchungulia ndani ya mtutu, jicho moja limefumbwa na lingine wazi, aone gololi inatokea wapi.

Nani amewahi kuona mtoto akichungulia manati iliyovutwa?

Manati haimdanganyi mtu. Sura yake inasema wazi kwamba mimi natoa jicho. Anayeivuta anajua, anayelengwa anajua, hata ndege juu ya mti anajua. Vivyo hivyo upinde wa Sungusungu miaka ile ya 1980, ilipoanza huku kwetu Usukumani kupambana na wezi wa ng'ombe. Hakuna aliyeuona upinde ule akadhani ni pambo. Kifaru cha mchezo kinatoa ahadi kwa uso wake. Kinasema: mimi ni mdoli, njoo karibu. Ukibadilisha springi ndani na kuuacha uso kama ulivyo, ile ahadi umeivunja wewe fundi, na mtoto hawezi kujua, kwa sababu hakuna kilichobadilika machoni pake. Kwangu mimi ubaya hauko kwenye nguvu peke yake. Uko kwenye nguvu iliyofichwa ndani ya sura ya upole.

Mshikaji akasema basi tukipake rangi nyekundu, tuandike HATARI. Nikamwuliza yule wa miaka minne atasomaje. Akasema atafundishwa. Nikasema rangi nyekundu kwa mtoto ni sababu nyingine ya kukikimbilia. Hapo alinyamaza, ingawa kunyamaza kwake si kukubali, namjua.

Kuna jambo la pili, nalo limenishughulisha zaidi kuliko la kwanza.

Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yameingia Kagera, Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa na kutaja mambo matatu: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Hotuba ile kila Mtanzania anaijua, hata aliyezaliwa baada ya Kampala kutekwa Aprili 1979. Tumeizoea hadi tumeacha kuisikia. Mimi niliisikia upya kibandani. Mambo ni matatu, wala hakuna hata moja linaloweza kusimama mahali pa mwenzake. Aliye na uwezo na nia bila sababu ni jambazi tu.

Sasa tujipime na kifaru chetu. Uwezo tulikuwa nao: springi ilishapatikana, mzee mwenyewe aliinunua Bariadi kwenye vyuma chakavu, imetoka kwenye bomba la kupulizia dawa ya pamba. Nia ilikuwapo, tena ya kutosha. Hata mimi mkono ulikuwa unaniwasha, maana fundi gani asiyetaka kuona mashine inafika wapi? Sababu je? Siku ya kwanza sababu haikutajwa. Mzee alisema "ongeza", basi. Nilipoanza kusitasita ndipo sababu ilipokwenda kutafutwa, ikarudi siku ya tatu imeshika mkono wa mjukuu.

"Fundi," akasema mzee, "wewe unafikiri mimi nataka mchezo? Nina mpunga kule bondeni. Kwelea kwelea wamekuja. Huyu mtoto hajaenda shule wiki nzima, analinda ndege toka alfajiri. Hicho kitu kikikaa shambani kikapiga, yeye atasoma."

Nakiri maneno yale yaliniuma. Hii si hadithi ya kubuni kwa ajili ya kumlainisha fundi. Mpunga na mtama vikikaribia kukomaa, watoto wa huku wanageuka sanamu za shambani. Wanarusha udongo kwa kombeo, wanapiga madebe, sauti zinakauka, na shuleni madawati yanabaki na nafasi. Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Ni kidogo sana, hadi ukumbuke kwamba makundi yao huhesabiwa kwa mamilioni. Milioni moja tu ni tani 10 kwa siku. Serikali huwanyunyizia sumu kwa ndege za angani, na huko kuna kilio kingine cha samaki na wadudu na ndege wasiohusika. Kwa hiyo mtu akiniambia kifaru kitamrudisha mtoto darasani, mimi ni nani hata nikatae?

Lakini nilikaa nikapiga hesabu, kama kawaida yangu. Betri ya kifaru inadumu chini ya nusu saa. Ndege wanakuja alfajiri na jioni, na mchana hawalali wote. Minyororo yake kwenye udongo wetu mweusi wa mbuga, mvua ikinyesha, haitakwenda hata hatua kumi. Matrekta yenyewe yananasa. Gololi moja kwa pigo moja, mbele ya ndege wanaofunika jua. Na zile gololi, nani ataziokota? Zitabaki shambani, mpunga ukivunwa ng'ombe wataingia kula mabua, na plastiki tumboni mwa ng'ombe haigeuki samadi. Kifaru kisingemrudisha mtoto shule. Yeye ndiye angekuwa nyuma ya kifaru, akibadilisha betri.

Sisemi mzee alidanganya. Naamini aliamini. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba uwezo ukishakuwa mezani una njia ya kutuma watu wema wakautafutie sababu, na sababu wanayoileta ni ya kweli kabisa, ina njaa na haina viatu, ila tu haihusiani na kile kilicho mezani.

Nilipomweleza mshikaji hivyo, akatoa silaha yake ya mwisho, ile ambayo kila kibanda cha fundi duniani kinayo. "Usipofanya wewe atafanya mwingine. Na elfu ishirini atakula huyo mwingine."

Mikhail Kalashnikov, yule Mrusi aliyeunda bunduki iliyojaa Maziwa Makuu hadi kuwekwa kwenye bendera ya Msumbiji, aliwahi kusema mwaka 2002 kwamba angependelea kuwa amebuni mashine ya kuwasaidia wakulima, mfano mashine ya kukatia majani. Maisha yake yote aliwaambia waandishi kwamba wa kulaumiwa ni wanasiasa, yeye aliilinda nchi yake. Sababu alikuwa nayo, tena kubwa: Wajerumani walikuwa wameingia kwao. Lakini akiwa na umri wa miaka zaidi ya 90, alimwandikia barua Patriaki wa kanisa lake akiuliza kama vifo vya watu waliouawa kwa bunduki ile vinamhusu yeye. Alikufa Desemba 2013, na barua ikachapishwa magazetini Januari 2014. Mimi sifananishi springi ya bomba la pamba na bunduki ile. Nasema tu kwamba "atafanya mwingine" ni hoja inayohusu dunia, kwamba dunia itapata kifaru chenye nguvu hata nikikataa. Sawa, itapata. Swali langu lilihusu mkono wangu, na mkono huo hoja yake haiugusi.

Na kuhusu elfu ishirini, nisijifanye malaika. Elfu ishirini hapa kwetu ni sola kulipiwa, ni nauli ya Mwanza kwenda na kurudi kufuata vipuri. Niliitamani. Ila nilipiga pia nauli ya pili, ya kumpeleka mtoto Bugando akiwa amefungwa kitambaa jichoni, na mama yake kwenye kiti cha pembeni.

Guku, babu yangu mzaa baba, alikwenda Kagera na wanamgambo. Nilimpelekea kifaru akitazame, nikitegemea atasema kitu kizito cha vita. Alikigeuzageuza, akachungulia chini, akauliza, "Aliye ndani yuko wapi?"

"Hakuna mtu ndani, guku. Kinaendeshwa kwa hii rimoti."

"Sasa anayeogopa ni nani?"

Nikamwambia hakuna anayeogopa, ni mchezo. Akanirudishia na kuomba ugoro wake. Mpaka leo sina hakika kama alikuwa anafundisha au anauliza tu.

Wenzetu wameliona tatizo hili wakaliwekea namba. Wajapani, ambao ndio waliozianzisha bunduki hizi za gololi za plastiki, mwaka 2006 waliweka kikomo cha jouli 0.98 kwa gololi ya milimita 6, baada ya watu waliozibadilisha zikawa na nguvu kuanza kupigia magari yaliyo barabarani mwaka 2005. Uingereza kwa sheria ya 2017 ikasema 1.3 kwa inayopiga mfululizo na 2.5 kwa inayopiga moja moja. Kifaru chetu cha jouli 0.6 kingepita kote huko bila kusimamishwa. Mshikaji aliponisikia nikisoma hizo namba alifurahi mno! Lakini wachezaji wa huko wanavaa miwani ya kinga, na hakuna anayelala kifudifudi mbele ya mtutu. Namba za sheria zimepimwa kwa mtu aliyejiandaa. Zagayu hatuna miwani hiyo, tuna foleni ya watoto wanaosema nipige mimi.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hao hao Wajapani, kampuni ya Tamiya, wana vifaru vya ukubwa huu huu vinavyopigana kwa mwanga usioonekana, kama ule wa rimoti ya televisheni. Kimoja kinatoa mwanga, kingine kinaupokea, kinatikisika, na kikipigwa mara kadhaa kinazimika chenyewe. Hakuna kitu kinachoruka. Nikafikiri, kumbe furaha yote ya mchezo ipo kwenye kuanguka na kufufuka, gololi haihitajiki. Watoto wetu walishalijua hilo. Wengi walianguka hata gololi ilipowakosa.

Basi nilimrudishia mzee kifaru chake kikiwa na springi ile ile ya zamani, pete mpya na grisi. Nilimwambia kwamba kukirudishia nguvu yake mwenyewe ni kazi yangu, ila kukipa nguvu ya kitu kingine sitafanya. Nikampa shauri la honi ya pikipiki na betri kule bondeni, maana ndege wanaogopa kelele kabla ya kuogopa gololi, ingawa nao huzoea baada ya siku chache na mtoto atarudi na debe lake. Alinilipa elfu tano. Hakugomba. Alisema tu, "Wewe kijana unafikiri sana," kwa ile sauti ambayo kwetu hutumika pia kumsema ng'ombe asiyetaka kulima.

Springi aliiacha. Iko kwenye droo, pamoja na spika zilizokufa. Mshikaji anasema mzee akirudi siku mimi sipo, yeye ataitia, na hatachukua hata senti, ili nisiseme ni tamaa. Mimi nataka kuitupa chooni. Anasema siwezi, si mali yangu, na hapo ana haki: springi ni ya mzee, aliinunua Bariadi kwa shilingi 2,000. Droo ni yetu wote wawili. Ufunguo ni mmoja, na juma hili anao yeye.